Jiwe Kwenye Foleni

Saa kumi alfajiri bomba la Katoyi halijakohoa bado
na foleni imeshafika ukuta wa kanisa.
Watu hawapo.
Yapo mawe.

Mawe meusi, yale yale tuliyotapikiwa na volkano
mwaka ambao mdogo wangu Musubao alijifunza kutembea,
yana vitundu kama sponji, yanachubua vidole.
Moja limefungwa utepe wa kitenge: hilo ni Mama Kavugho.
Moja lina doa la rangi ya kucha: Katungu, msusi.
Moja limevishwa kifuniko cha bia: mzee Bauma,
ambaye anasema hanywi.

Wenyewe wamelala. Mawe yamesimama.
Hakuna askari, hakuna karatasi, hakuna aliyekula kiapo,
na bado hakuna mkono unaogusa.

Mwalimu Kalinda alituambia chuoni,
chaki imempaka weupe hadi nyusi:
"Jamii haionekani. Mtaiona siku itakapovunjika."
Nikaandika. Nikapiga mstari kwa rula.
Sikuandika kwamba naijua,
ina uzito wa kilo mbili hivi
na alfajiri huwa na umande.

Maji yakija, kila jiwe huota miguu.
Katungu, aliyemsengenya jirani yake jana mpaka mshumaa ukaisha,
anamtua bidoni kichwani: "Mulilala aje, mama?"
Bauma anakohoa kikubwa, tunampisha.
Mama Kavugho anachokonoa meno kwa kijiti.
Nyumbani kwake nyama haijaingia tangu Pasaka,
sote tunajua,
na sote tunamuuliza ilikuwa ya mbuzi au ya ng'ombe.
Huo nao ni wema, kushika pazia la mwenzako
ili upepo usilifunue.

Kisha, juma lile la mtihani,
likaja jiwe lisilo na utepe wala doa.
La mama mmoja aliyeshuka kutoka Masisi,
analala darasani, shule ya msingi, chini ya ubao,
ana mtoto mgongoni na bidoni moja isiyo na kifuniko.
"Hii jiwe iko ya nani?" mtu aliuliza gizani.
Kimya.
Nami mtihani wangu ulikuwa saa mbili.

Nililisukuma kwa kidole gumba cha mguu.
Halikulia. Lilibingirika kidogo tu,
likaingia kati ya mawe ya njia,
na katika mji huu jiwe lisilo na mtu
ni ardhi.

Alipofika alilitafuta ameinama,
kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya msaada.
Akageuza moja. Akageuza jingine.
Kisha akaenda nyuma kabisa, karibu na mtaro.
Hakumuuliza mtu. Angemuuliza nani?
Kuuliza nako kunataka uwe umeshajulikana.

Swali la tatu lilisema:
*Eleza kaida ya kijamii. Toa mfano wa maisha yako.*
Niliandika kuhusu salamu.
Niliandika kuhusu kumwachia mkubwa kiti.
Nikapata kumi na nne juu ya ishirini,
na neno "Vizuri", kwa wino mwekundu.

Hakuna aliyeniona, naapa.
Lakini Mama Kavugho ameshahamia ndani yangu,
kijiti mdomoni, ananitazama.
Bauma yumo. Katungu yumo na ulimi wake.
Foleni nzima imejipanga kifuani,
na hakuna saa inapofunguliwa maji wakaondoka.

Jana nilikwenda hadi kule nyuma, kwenye mtaro.
Nilikuwa na kipande cha kitenge mfukoni,
nilikichana kwenye changu mwenyewe, upande wa pindo.
Nilitaka kumuuliza jina.
Nilitaka lije kwa kawaida, kama salamu.

Alinitazama.
Alianza na kidole gumba cha mguu,
akapanda polepole hadi usoni,
akahamisha mtoto bega la pili.

"Sogea," alisema, "mstari unatembea."