Kitabu Asimofia Mtu

Kuuliza si ujinga, basi nitajieni, jamani,
kitabu asimofia mtu.
Si lazima kiwe kizuri. Kiwe chepesi,
cha kushikwa mkono mmoja, wa pili ukikoroga chai,
na mama yake mhusika, kama yupo,
awe mzima mpaka ukurasa wa mwisho,
akilalamika magoti.

Nilianza na Yerka, wa duka la vifungo.
Kidole mdomoni, akafikiri, akasema: Kipo!
Wapenzi wawili, hoteli, mvua;
utacheka mpaka ujishike mbavu.
Nikamuuliza: Na yule bibi mwenye hoteli?
Yerka akaanza kupanga vifungo upya, kwa rangi.
"Anakufa kidogo tu," akasema. "Mwanzoni."

Hapa Punta Arenas upepo haupigi hodi.
Kwenye kona zingine hufungwa kamba tushikilie tukivuka,
na jua letu, ingawa jembamba, lina makucha.
Tangu Julai uso wangu umekuwa msasa.
Nasingizia upepo.
Ismael wa duka la dawa aliniuliza:
Unapaka nini usoni, usiku?
Nikamjibu: Maji ya chumvi.
Akashangaa, kwa baridi hii, nani anaogelea!

Akanipangia kaunta nzima:
ute wa konokono, udongo wa kijani,
na kichupa kimoja, bei ya kondoo na mwanawe,
kinachoahidi kuurudisha uso
miaka kumi nyuma.
Nilikitazama muda mrefu kichupa kile.
Kumi ni mingi, Ismael.
Mimi nataka miezi mitano.

Mwuza nyama, Custodio Mansilla, yeye ni mtu wa televisheni.
Anakata mbavu huku akisimulia:
Tazama ile ya Waturuki, sehemu mia mbili na kumi,
hutaamka kwenye kochi mpaka Pasaka.
Kuna anayekufa?
"Wengi! Lakini usijali, wanazikwa leo,
sehemu ya tisini wanabisha mlango
na nywele mpya."
Nikacheka, nikacheka kweli, foleni nzima ikacheka nami.
Kisha ikabidi nitoke nje,
nyama yangu nikaiacha kwenye mizani.

Ni kaka yake Yerka aliyeniletea mafuta.
Hukata manyoya ya kondoo mashambani, msimu hadi msimu;
uso wake ni barabara ya kokoto,
viganja vyake, vishike uone, vya mtoto mchanga.
"Sufu," akasema. "Mafuta ya sufu yenyewe. Vichupa waachie watalii."
Akanipa kopo limeviringishwa gazeti,
akaondoka bila kukubali hata kahawa.

Jamani, yananuka kondoo aliyenyeshewa.
Nilijipaka hivyo hivyo, karibu na jiko,
paji, mashavu, shingo, mpaka nikang'aa kama sufuria,
na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta
na rimoti imepotelea kwenye mito,
nikalinyoosha lile gazeti mezani.

Bei ya sufu, kwa kilo.
Kivuko cha Porvenir hakitaondoka kwa sababu ya upepo.
Inauzwa: cherehani, inavuta upande wa kushoto.
Amepotea: paka wa rangi ya chungwa,
anaitika jina la Waziri, ni mwizi wa samaki,
aliyemwona apige simu, hata usiku.
Nikatafuta tarehe, juu, penye doa la mafuta.
Tarehe kumi na mbili, Machi.

Tarehe kumi na mbili Machi
mama alikuwa analalamika magoti.

Nilisoma ukurasa wote, hata bei za saruji,
taratibu, kama mtu anayenyonya peremende
asiitafune.
Hakufa mtu.

Mwenye tamthilia bado anitajie, nasikiliza.
Na huyo Waziri, sijui alirudi?
Namba ipo hapa, tarakimu moja imefutika.
Nimejaribu na saba.
Kesho nitajaribu na nane.