Nani Aliwapikia?

Kabla ya saa kuvumbuliwa, watu walichelewaje?
Thuraya ananiuliza huku namfunga kamba za viatu,
na mimi nimechelewa, wali unaungulia jikoni.
Nasema: jua lilikuwa likiwasuta.
Haridhiki. Ana miaka tisa, haridhiki na kitu,
hata chapati kaniuliza ilianza kwa nani.

Ijumaa. Kutoka Ibri mpaka Bat si mbali.
Garini mna chupa za chai, mkeka,
na bibi yake, Bi Zuwena,
aliyezaliwa Unguja akaota mvi huku.
Juu ya kilima yale makaburi,
mviringo kama mizinga ya nyuki,
jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji,
miaka elfu nne na ushei,
wala jina hata moja.

Hapo maswali yakashuka kama maji ya wadi:
kavu, kavu, kisha gharika.
Firauni akiwashwa mgongoni, nani alimkuna?
Wa kwanza kuonja pilipili, mbona alionja tena?
Katika vita vile vikuu, paka walikuwa upande gani?
Baba yake akacheka, akatoa simu atafute majibu.
Mtandao hakuna.
Historia ikatubakia sisi wenyewe.

Akaokota kipande cheusi, kizito kuliko umbo lake,
kama kaa lililogoma kuwa jivu.
Hilo ni taka la shaba, baba akasema,
waliiyeyusha wakaiuza ng'ambo.

Na waliokuwa wakiyeyusha, nani aliwapikia?

Bi Zuwena akanitazama, kisha akautazama mkeka.
Mimi nilikuwa namenya yai.
Nilitaka kusema: mtu aliyeacha wawili Kinango,
anayesimuliwa kwa simu
jino lipi limeng'oka, la nani.
Nikasema: mtu mwenye chumvi.
Jina lake?
Halikuandikwa.
Kwa nini?
Mikono yake ilikuwa na unga.

Usiku nimekuta daftari lake limelala wazi juu ya meza.
Swali, najua ni swali, alama yake imegeuka kama sikio.
Chini yake neno moja, wino umekandamizwa
mpaka ukurasa wa pili umevimba.
Herufi za Kiarabu. Sizisomi.
Nyanya yangu alizisoma; kwangu hazikufika.
Nimelichukua hadi kitandani kwake, hajalala bado.
Thuraya, hapa umeandika nini?
Mbodze, akasema, kisha akageukia ukuta.
Ni wewe.