Tisa Zipi?

Mlango wa kibanda changu cha kunyoa, hapa Lurambi,
niliupaka rangi nyeusi mwaka ule wa mvua ya mawe,
na kila Jumapili usiku, mashine zikishapoa,
naandika kwa chaki msimamo wa ligi.
Timu kumi na sita. Sijawahi kukosea hesabu.

Leo barua imefika kutoka Nairobi:
Mwangaza wapokonywe pointi tisa,
kwa mishahara isiyolipwa,
kwa vitabu vya fedha vilivyoandikwa kama ndoto za mlevi.
Thelathini na moja, toa tisa.
Mtoto wa darasa la pili anaiweza.
Mimi nimeshika kitambaa, nimekwama.

Tisa zipi?
Zile tatu za Machi, Shikanga alipodaka penalti
kwa kidole kilichokwisha kuvunjika,
akakifunga kwa kijiti cha aiskrimu mpaka filimbi?
Zile za Bungoma, walikokwenda kwa lori la miwa
wakarudi na ushindi na makapi nyweleni,
nikawachana bure?
Ama ile moja ya sare, ya matope,
Okwemba aliyoikimbilia dakika tisini
na tumboni hana kitu
ila chai ya rangi na ahadi ya mwenyekiti?

Mwenyekiti hana pointi za kukatwa.
Ana gari, ana shamba jipya Kitale.
Hukumu imemteleza
kama maji kwenye jani la nduma.

Nilikuwa naanza kulaani, mashine mkononi,
Kageha akakohoa pale kwenye benchi.
Ni mweka hazina wa Radi ya Chavakali,
alimleta mwanawe anyolewe.
"Sisi tuliuza jenereta tuwalipe vijana.
Mfungaji wetu tukamwachilia, bei yake ilitushinda.
Akaja kwenu. Mkamwahidi.
Akarudi kutufunga mawili, na leo tuko mkiani.
Zile pointi tatu, fundi,
nani alizilipia?"

Mashine ikanguruma peke yake hewani.
Hakupaza sauti. Alitoa shilingi hamsini, taslimu,
akaomba risiti.
Miaka kumi na minne nanyoa, sijawahi kuandika risiti.

Mimi nami nawadai Mwangaza.
Vichwa arobaini na viwili, kwenye daftari la kijani.
Nilisema si neno, ni timu yetu.
Kumbe nami nilikuwa nakopesha mabao.

Nimefuta.
Chaki haitoki yote kwenye mbao:
chini ya ishirini na mbili,
ukisimama upande wa jua,
thelathini na moja bado inachungulia.

Asubuhi Shikanga amepita, kidole kimepinda.
Amesoma mlango. Hakusema kitu.
Akaingia, akaketi.
"Nipunguze pembeni tu.
Nitalipa wakilipa."

Nikafungua daftari la kijani.
Arobaini na tatu.