Mwenyeji Apone

Fomu ina safu kumi na moja.
Ya tatu ni ya choroa, kurasa nne peke yake:
wanazalia wapi, wanalamba chumvi gani,
sauti ipi huwatia kiwewe.
Ya sita, mawe ya kale. Ya saba, ndege wapitao.
Ya tisa imeandikwa *Wakazi*,
na bwana mmoja wa Maskati, aliyepita juu kwa helikopta
mwezi ambao watu walikuwa wamehamia malishoni,
kaijaza kwa neno moja:
*Hakuna.*

Mimi nimeletwa kutafsiri.
Mama mzaliwa wa Wete, mimi wa Ruwi.
Nina Kiarabu cha ofisini, Kiswahili cha jikoni,
na Kiharsusi maneno arubaini
niliyookota zahanati ya Haima nikipima watu presha:
vuta pumzi, toa pumzi,
panauma wapi, tangu lini.

Tangu lini. Hapo ndipo tulipokwama.

Thamna binti Mhadi kashuka kwenye pikapu,
funguo kauma menoni, mtoto kampakata ubavuni,
wala hakutusalimu mpaka alipokwisha kupiga teke
tairi la nyuma, moja baada ya jingine.
Mhandisi kauliza, kwa upole, sina la kumsingizia:
Kikohozi cha mtoto kilianza mwaka gani?
*Mwaka Shahba alipozaa.*
Shahba ni nani?
*Ngamia.*
Mhandisi kaninong'oneza: Andika, hajui.

Hajui!
Anayesoma wayo mchangani
akakwambia ngamia huyu wa nani, ana mimba ya miezi mingapi.
Nikasema, tuoneshe huyo ndama.
Akamleta, akambinua mdomo kama afunguaye mkoba:
meno mawili mapya, makubwa, katikati ya yale ya kitoto.
*Mitano,* akasema, vidole vyote juu.
Nikahesabu kurudi nyuma kwa kalamu ya kampuni.
Miaka mitano: kisima cha kwanza cha majaribio,
mwenge wa kwanza wa gesi kuwashwa jangwani.

Sikusema neno. Mhandisi naye kavua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Huku Jiddat hakuna mto wa kuonesha kidole.
Kuna ukungu.
Usiku hutandazwa mablanketi juu ya miti ya miiba,
alfajiri hukamuliwa, watu wawili wawili, kama wasokotao kamba,
na maji ya kwanza ni ya mzazi na mtoto.
Thamna katoa chupa chini ya kiti cha dereva.
Maji yake yametua tabaka mbili;
la chini, rangi ya masizi ya sufuria.
*Haya ya juzi,* akasema. *Kunywa.*
Hakuna aliyekunywa.

Ramani tuliitandaza juu ya boneti, ikawa moto.
Mwenge wa pili utasimama hapa.
Naye akaweka funguo za gari juu ya alama nyekundu:
hapa ndipo upepo unapotokea,
hapa mdogo wangu alikaa arubaini yake na pacha.
*Sisemi msichimbe.
Kaka yangu anaendesha lori lenu la maji,
mshahara wake ndio tairi hili.
Nauliza tu: mbona mlianza kumuuliza choroa?*

Mama kila simu haachi kuniuliza kazi,
kisha hufunga kwa methali yake ileile:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Leo nimeshindwa kuitikia.
Mgeni kaja, mama. Kaja na kreni, na viyoyozi,
na fomu ya safu kumi na moja.
Mwenyeji anakohoa.

Usiku, kambini, nimechukua rula
nikapiga mstari pembezoni, mahali pa muhuri.
Safu ya kumi na mbili. Imepinda kidogo, jenereta inatikisa meza.
Watasema haiingii kwenye kompyuta.
Nimeandika jina la mtoto, Luwayti,
na pumzi zake kwa dakika, nilizohesabu mwenyewe mara tatu.
Na penye *tangu lini*:
tangu ndama wa Shahba, ambaye sasa ana meno mawili makubwa.
Tafadhali, msisahihishe.