Mlinda Mlango

Ghala la tumbaku lina lango la chuma.
Nililipima usiku wa kwanza,
kabla sijauliza hata mshahara:
hatua nane, nguzo hadi nguzo.
Nikacheka peke yangu. Mbwa akaniangalia.

Mama aliniita Mihambo,
na mihambo kwa Kinyamwezi cha kwetu ni safari.
Hakujua kuwa ananikatia tiketi.

Nimedakia timu tisa. Kumi, ukiihesabu ile ya Kaliua
iliyovunjika sisi tukiwa bado ndani ya behewa:
tunashuka, katibu hayupo, jezi hazipo,
kocha amekalia sanduku anatafuna muwa.
Urambo walinilipa baiskeli isiyo na mnyororo.
Uvinza walinilipa chumvi, magunia mawili kwa msimu mzima,
nikayashusha stesheni ya Tabora kwa mgongo wangu mwenyewe,
na Nyamizi, mke wangu, akachota kiganja, akaonja, akasema:
"Hawa hawajakulipa.
Wamekurudishia jasho lako."

Kigoma nilikaa benchi miezi kumi na minne
nyuma ya kijana wa Kimanyema, Kilozo, mikono kama makasia.
Huko nilijifunza kazi ya pili ya kipa:
kumpasha mwenzako, kumpigia mashuti mpaka viganja viwake,
halafu uvae koti, ukae.
Nilimwombea asiumie.
Uongo. Nilimwombea aumie kidogo,
kifundo tu cha mguu, wiki mbili.
Siku kifundo kilipoteguka kweli
nikaingia dakika ya themanini, nikafungwa mawili,
na usiku ule nikapanda mpaka Mwanga
na bakuli la mchuzi wa migebuka, kumpelekea.
Alikula wote. Hakuuliza kwa nini siwezi kumtazama.

Goli la Mpanda, hilo wanalikumbuka.
Mpira ulidunda kwenye kijiwe, ukanipita katikati ya miguu
polepole, kama mbuzi anayejua njia ya kwao.
Miaka ishirini na mbili sasa,
na muuza karanga wa pale Isevya bado ananisalimu, "Geti Wazi!"
nami naitika, maana karanga ananiongezea.
Penalti niliyoipangua mchana huo huo
inajulikana na watu wawili: mimi
na kidole hiki cha shahada, kilichopinda,
kinachoonyesha Kigoma hata nikielekeza Dodoma.

Glovu? Nyamizi alizishona mara sita,
mara ya mwisho kwa uzi wa gunia.
Sasa ya kulia anaepulia sufuria ya ugali.
Ya kushoto sijui iko wapi. Labda Uvinza.

Juzi, saa nane za usiku, mwezi haupo,
mtu alitoka kati ya marobota, bunda kifuani.
Kijana. Akaniona, akasimama.
Akainamia kulia.
Wengi hutazama macho ya mtu; macho yana maneno mengi.
Mimi hutazama nyonga, na nyonga zake
zilikuwa zimekwisha kwenda kushoto.
Goti langu bovu likasahau umri wake.
Niliruka, wallahi niliruka, mzee wa miaka hamsini na minne,
vumbi likaingia mdomoni kama zamani,
naye kwa woga akalirusha lile bunda juu, kuelekea langoni,
nikalidaka likiwa hewani, nikalikumbatia, nikajikunja nalo chini.
Aliparamia ukuta, akapotea.

Kimya. Harufu ya tumbaku mbichi.
Treni ya Mpanda ilipiga honi mbali, kwa shughuli zake.
Mbwa alitikisa mkia mara moja, akalala.

Nikainuka, nikajipangusa magoti.
Nikarudi hatua mbili mbele ya lango,
nikanyanyua mkono, kwa sauti ndogo,
nikaanza kuwapanga mabeki.