Taa Inayowaka

Saa tisa alasiri, Tartu, na jua limeshachoka.
Namleta Nupp dirishani,
kobe mchanga, mzito kama funguo mbili.

Kwanza shingo: ngozi inambanduka,
nyembamba, ganda la kitunguu.
Hiyo si neno. Anakua, anavua.
Lakini hapa, penye mkunjo wa mguu wa nyuma,
wekundu;
na ukingoni mwa gamba doa jeupe.
Nalinusa: maji ya maua
yaliyosahauliwa chomboni.

Kisha dole gumba. Polepole.
Gamba linabonyea, linarudi likisitasita
kama ukoko wa mkate ulioonja chai.

Mficha maradhi, kilio humfichua.
Ila huyu hakuficha kitu:
yaliandikwa mgongoni, mimi ndiye sikusoma.
Nilimpa tango kila siku, kwa kuwa alilipenda,
nami nilipenda kumwona akipenda.

Na taa? Taa inawaka, nikamwambia daktari Urve simuni.
Tangu lini?
Nikapanda kigoda. Kwenye kishikio,
kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa Kaupo:
Machi, mwaka juzi,
kabla hajahamia Narva na masanduku yake.

Basi inamulika tu, akasema Urve.
Kile kinachojenga mifupa
kilikwisha humo zamani.

Kesho saa mbili tuna miadi. Kikapu kiko tayari,
kitambaa cha sufu, chupa ya maji moto.
Usiku huu nimekaa mbele ya ile taa,
naitazama inavyong'aa
bila haya.