Barua Kumi na Tatu za Mwaka wa Sabini

Baabie Isbister alikuja na kompyuta
ndani ya mfuko wa viazi, akaiweka mezani
kati ya sukari na glavu zangu zilizolowa.
"Ertie yumo humu," akasema, "ila hafunguki."

Ilikuwa Lerwick, Novemba, saa tisa alasiri, taa zimeshawashwa.
Programu ya barua aliyoitumia marehemu
ilimtangulia kaburini.
Iliacha faili moja tu, refu kama deni:
miaka kumi na tisa ya zamu kwenye jukwaa la mafuta,
usiku baada ya usiku, bila mshono wala ukurasa.

Mimi nina kijiprogramu. Sikukiandika;
nilikiokota, nikakitia viraka.
Kazi yake ni kushuka mstari kwa mstari,
na kila kikutanapo na neno fulani la Kiingereza,
herufi nne na nafasi moja, maana yake *kutoka*,
husema: barua mpya. Hukata.

Ertie alikuwa fundi umeme, mtu wa hesabu.
Kila barua aliipa namba, hata ya mistari miwili.
Ya mwisho ni 811.
Kijiprogramu kikanitolea 824.

Baabie akavuta kiti.

Zile kumi na tatu hazikuwa na mtumaji,
hazikuwa na namba wala salamu.
Tarehe zote sawa: mosi Januari, mwaka wa sabini,
siku ambayo kompyuta huitaja ikikosa la kusema,
kama mtoto anayejibu "jana" kwa kila swali.
"Sabini alikuwa na miaka saba," Baabie akasema.
"Meno ya mbele hana." Kisha akasoma kwa sauti:

    Kutoka ngazi ya tatu, usiku ukiwa safi,
    naona mwanga, nadhani ni nyumbani.
    Huenda ni meli. Naupungia hata hivyo.

Birika likapiga mluzi. Hakuna aliyeinuka.
"Hii hakunitumia," akasema.

Nilikwisha kujua. Nilitamani nisijue.
Nikafungua faili ghafi, nikatafuta "ngazi".
Barua namba 402: pampu ya pili imekufa tena;
mpishi mpya katoka Hull, kabichi anaichemsha hadi itubu;
usisahau bima ya gari, mwisho Ijumaa.
Mstari mtupu.
Kutoka ngazi ya tatu...

Wembe ulipita hapo.
Mtu alianza sentensi tu; mashine ikadhani kaja mwingine.

Nikakaza sheria: neno lifuatwe na anwani,
na siku, na saa, ndipo ukate.
Ikatoka 806. Tano zimemezwa na jirani zao:
mwaka ule kampuni ilibadili seva,
tarehe zikaandikwa kinyumenyume.
Nikalegeza uzi mmoja. 809.
Nikatukana kimoyomoyo, kwa heshima ya mjane.
Kumbe mwishoni mwa baadhi ya mistari
palikuwa na alama isiyoonekana, iliyoletwa na mashine ya zamani,
punje ya mchanga kwenye bawaba.
Nikaifuta popote ilipo.

811. Saa mbili usiku. Chai ya tatu, nayo imepoa.

Baabie aliisoma 402 tangu juu.
Kwenye kabichi alicheka hadi akashika ubavu.
Kwenye bima akasimama.
"Hii niliipata," akasema polepole.
"Nakumbuka. Nilisoma hadi hapa,
nikachukua koti nikaenda kulipa."

Sikuwa na amri ya kuandika kwa hilo.
Nikamsogezea kompyuta, nikaosha vikombe
ambavyo vilikuwa safi.

Alipokuwa akivaa aliuliza kama zile kumi na tatu
zimeshapotea. Nikamwambia hazina maana tena,
ni vipande, kila kimoja kimerudi mahali pake.
"Niachie hivyo hivyo," akasema, "vilivyokatwa."

Nikavitengea folda.
Tarehe sikuigusa.